Chai ya Pakanga na Homa ya Malaria



Mwezi uliopita, baada ya ibada ya Jumapili, akina mama wa Umoja walinisimamisha chini ya mwembe wakaniuliza swali. Mmoja wao alikuwa ameletewa na mwanawe, aliyeko Arusha, miche ishirini ya ule mmea uitwao artemisia. Walitaka kuipanda nyuma ya nyumba ya Padre, majani wayakaushe, na watoto wakishikwa na homa wapewe chai yake, maana dawa za zahanati mara nyingine hazipatikani. "Mwalimu," wakasema, "wewe ulifundisha Sayansi. Tupande au tusipande?"

Niliwajibu kwamba nitaandika katika gazeti letu, kwa kuwa jambo lenyewe haliwezi kumalizwa kwa maneno ya kusimama. Yule mama mwenye miche hakuridhika, alidhani ninakwepa. Ni kweli nilikuwa nakwepa kidogo, na sababu yake nitaieleza huko mbele.

Tuanze na jina. Artemisia ni ukoo mkubwa wa mimea michungu. Katika Biblia yetu ya Kiswahili mmea wa ukoo huo unaitwa pakanga. Mtaukuta katika kitabu cha nabii Amosi, na katika Ufunuo ile nyota inayoyafanya maji kuwa machungu inaitwa Pakanga. Pakanga tunayoizungumzia leo, yaani Artemisia annua, asili yake ni Asia, hasa China. Huota, huchanua na kufa ndani ya mwaka mmoja. Inaye ndugu yake, Artemisia afra, mwenyeji wa milima yetu ya Afrika, ambaye huishi miaka mingi na ambaye wazee humtumia kwa kikohozi na mafua. Zote mbili zina harufu kali na watu huzichanganya. Lakini dawa ya malaria tutakayoitaja, artemisinini, imo katika ile ya kwanza. Hii ya milimani haina, au ina chembe ndogo isiyofaa kitu. Miche ya mama yetu nimeitazama, nayo ni ile ya China: majani yake yamechanikachanika mithili ya majani ya karoti.

KWA NINI MMEA UWE NA DAWA?

Watoto chuoni walipenda kunijibu kwamba mmea una dawa ili sisi tupone. Niliwauliza: na kabla hajazaliwa mtu wa kuugua, mmea huo ulikuwa ukimtengenezea nani dawa? Hapo darasa hunyamaza.

Mmea hauna miguu ya kukimbilia wala mikono ya kujipigania. Viwavi huutafuna, ukungu huuozesha, bakteria huingia penye jeraha. Basi mmea hujilinda kwa kutengeneza vitu vikali na vichungu ndani yake, na baadhi ya vitu hivyo huua hata vijidudu vinavyotudhuru sisi. Kwa asili yake ni sumu ya vita, ambayo sisi tumeiazima.

Mfano ulio karibu ni kitunguu saumu. Punje nzima isiyoguswa haina ile harufu yake kali. Ndani yake kuna vitu viwili vilivyotengwa, kama watu waliogombana wakapewa vyumba mbalimbali. Mdudu akiuma, au mama akiponda, kuta za vyumba hubomoka, vitu hivyo hukutana, na papo hapo huzaliwa kitu cha tatu kiitwacho alisini. Alisini ndiyo yenye harufu, na ndiyo iuayo bakteria. Wakemia wa Marekani waliitenga mwaka 1944. Lakini ukiitia punje nzima katika maji yanayochemka kabla ya kuiponda, moto huharibu kimeng'enya ambacho kingeizaa, na alisini haipatikani. Jaribuni jikoni: pondeni punje moja, nyingine ichemsheni nzima, kisha nuseni. Kumbukeni jambo hili la moto, tutalirudia.

Mswaki nao ni vivyo hivyo. Kabla ya mswaki wa plastiki jina hilo lilikuwa la mti, na ukitafuna kijiti chake hutoka mafuta makali yanayowasha kama haradali, ambayo huua bakteria wa kinywani.

Habari inayonifurahisha kuliko zote inatoka Milima ya Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1987 mtafiti Michael Huffman, pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyezijua dawa za kwao, walimfuata sokwe jike mgonjwa aliyeitwa Chausiku. Hakuwa na nguvu ya kula pamoja na wenziwe. Wakamwona akivunja tawi la mti mchungu ambao Watongwe huuita mjonso, akatupa majani, akabambua ganda, akatafuna moyo wa tawi na kufyonza maji yake. Kesho yake alikuwa amechangamka. Wakemia walipoupima mti ule waligundua kwamba majani na ganda vina sumu nyingi, na katika moyo wa tawi sumu hiyo ni kidogo. Watongwe nao huutumia mti huo huo kwa maradhi ya tumbo. Angalieni: hata sokwe hakula mti ovyo. Alichagua sehemu, na alichukua kiasi.

MKWININI WA AMANI

Sisi wa Muheza hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mti wa malaria. Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti kule Amani mwaka 1902, na miongoni mwa miti waliyoipanda ilikuwamo mikwinini, ambayo asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofunga njia ya bahari, kwinini ya askari wao ilitengenezwa hapa hapa Usambara kwa magome ya miti hiyo.

Magome ya mikwinini hayalingani. Mti mmoja una kwinini nyingi, jirani yake karibu hauna. Kwa muda wa miaka ipatayo 200 watu wa Ulaya walikunywa unga wa magome hayo bila kujua kilichomo. Kijiko kile kile kilimponya huyu na kumwacha yule afe. Aliyepona alisifu, na aliyekufa hakupata nafasi ya kulalamika. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walifaulu kuitoa kwinini yenyewe katika gome na kuiweka peke yake. Tangu hapo ilipimwa kwa mizani, na mganga akajua anampa mgonjwa kiasi gani. Wenye umri wangu wanaikumbuka kwinini vizuri, pamoja na ule mvumo wa masikio kama mtu aliyeingia ndani ya mzinga wa nyuki.

JANI LILILOLOWEKWA KATIKA MAJI BARIDI

Sasa twende China. Mwaka 1969 mama mmoja mtafiti wa Beijing, jina lake Tu Youyou, alikabidhiwa kazi ya kutafuta dawa mpya ya malaria, maana klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa katika Asia ya Kusini Mashariki. Yeye na wenziwe hawakuanza na chupa za maabara. Walianza na waganga na vitabu vya kale, wakakusanya maelezo ya tiba zaidi ya 2,000. Wakatengeneza dondoo za mimea kama 200 na kuzijaribu kwa panya wenye malaria. Pakanga ilionyesha nguvu mara ya kwanza, lakini walipoirudia nguvu ikapungua, na mara nyingine karibu isionekane kabisa.

Mama Tu akarudi vitabuni. Katika kitabu cha tabibu Ge Hong, aliyeishi karne ya nne baada ya Kristo, alikuta maelezo mafupi juu ya homa za vipindi: mgonjwa achukue pakanga ya kujaa mkono, ailoweke katika maji, aikamue, anywe yale maji. Hakuna mahali palipotajwa moto. Akajiuliza: je, sisi tunaiua dawa kwa kuichemsha? Akaacha maji ya moto, akatumia etha, kimiminika ambacho huchemka kwa joto la nyuzi 35 tu. Tarehe 4 Oktoba 1971 dondoo namba 191 iliwasafisha kabisa panya wote waliojaribiwa. Mwaka uliofuata yeye na wenziwe waliinywa wenyewe kwanza waone kama ina madhara, kisha ndipo ikapewa wagonjwa. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel.

Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka bibi yangu mzaa mama. Alikuwa na majani yake machungu ambayo aliyatwanga na kuyaloweka katika maji ya mtungini usiku kucha, na ole wake mjukuu aliyetaka kuyapasha moto. Mimi wakati huo nilikuwa kijana wa sekondari, nimekwisha kufundishwa kwamba maji yote yachemshwe, nikamcheka. Nilidhani ni ushirikina wa kuogopa moto. Pengine bibi alikuwa na sababu aliyorithi kwa mamake, na pengine hakuwa nayo, lakini sikumwuliza, na wala sikuuandika mti wenyewe. Alikufa mwaka 1979.

HESABU YA UBAONI

Nawaomba sasa mnivumilie kwa hesabu kidogo. Bila hesabu hii mtadhani ninaichukia chai ya mama yetu.

Vimelea vya malaria huingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kula ule wekundu wake, ambao una madini ya chuma. Artemisinini ina viungo viwili vya oksijeni vilivyoshikana kama daraja jembamba. Ikikutana na chuma anachokitafuna kimelea, daraja huvunjika, na vipande vyake huunguza kila kitu kilicho karibu ndani ya kimelea huyo. Kwa hiyo anauawa na mlo wake mwenyewe.

Mtu mzima aliyezidiwa na malaria aweza kuwa na vimelea 1,000,000,000,000 mwilini. Dawa za jamii ya artemisinini, zikitolewa kwa kipimo kamili, huua kwa kasi ya ajabu: katika kila mzunguko wa saa 48 anabaki kimelea mmoja katika kila 10,000. Mzunguko wa kwanza ukiisha wamebaki 100,000,000. Wa pili ukiisha wamebaki 10,000. Tumekwisha kuingia siku ya tano, na mgonjwa wetu wa vidonge amemaliza dozi yake ya siku tatu, anatembea, anacheka, lakini vimelea 10,000 bado wamo. Na artemisinini haikai mwilini. Saa chache tu nguvu yake imepungua nusu.

Ni nani basi anayewamaliza hao waliobaki? Ndiyo maana vidonge tunavyopewa zahanati vinaitwa dawa ya mseto. Ndani ya kidonge kimoja kuna dawa mbili: ya jamii ya artemisinini, ambayo hupiga kwa haraka na kuondoka, na lumefantrini, ambayo ni ya polepole lakini hukaa mwilini siku nyingi ikifagia masalio. Lumefantrini haiingii mwilini vizuri bila mafuta, na kwa sababu hiyo mnaambiwa mnywe vidonge pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Wengi wetu huvinywa na maji matupu, tena asubuhi kabla ya kula.

Twende upande wa chai. Watafiti walipima chai ya lita moja iliyotengenezwa kwa gramu 9 za majani makavu, wakaona ina miligramu 94.5 za artemisinini. Hiyo ni kama sehemu ya tano tu ya kipimo kilichozoeleka cha siku moja kwa mtu mzima. Tena hayo ni majani mazuri yaliyopimwa. Mengine yana kidogo zaidi, kwa kutegemea mbegu, udongo, na kama yalichumwa kabla ya kuchanua au baada. Tuseme, kwa mfano wa ubaoni tu, kwamba kiasi hicho kinaacha mmoja katika kila 100 badala ya 10,000. Baada ya mizunguko miwili, yaani siku nne, wale trilioni moja wamekuwa 100,000,000. Mwili unaweza kupoa kabisa ukiwa na idadi hiyo. Chai ikiachwa, kila baada ya siku mbili wanaweza kuongezeka mara kumi. Hesabuni wenyewe: mizunguko minne mingine, yaani siku nane, na wamerudi kuwa 1,000,000,000,000.

Nne na nane ni kumi na mbili. Na sasa nieleze kwa nini nilikwepa chini ya mwembe.

Mwaka 2009 rafiki yangu aliniletea mbegu za pakanga. Nilipanda mstari mmoja nyuma ya nyumba yangu ya chuoni, nikajivuna sana. Mwalimu wa Sayansi ana dawa uani kwake! Jirani yangu alikuwa na binti wa miaka sita. Akashikwa na homa, nami nikawaambia wazazi wake wasihangaike, nikachemsha chai. Damu haikupimwa. Alikunywa siku nne. Siku ya pili homa ilishuka, siku ya nne alikuwa akiruka kamba, na mimi niliitangaza habari hiyo katika chumba cha walimu. Siku ya kumi na mbili, usiku, baba yake alinigongea mlango. Mtoto alikuwa na degedege, macho yamegeuka, viganja vyeupe kama karatasi. Tulimbeba kwa pikipiki mpaka hospitali, akaongezewa damu, akalala huko siku tisa. Alipona kwa rehema za Mungu, na leo ni mama mwenye mtoto wake. Wazazi wake hawakunilaumu hata kwa neno moja. Wangenilaumu ningejisikia nafuu.

Wakati ule nilidhani nilikosea namna ya kuchemsha. Hesabu hii ya ubaoni nilijifunza baadaye, na jaribio la Kongo lililotangazwa mwaka 2004, ambalo ningeweza kulisoma kabla, nililisoma nimechelewa. Huko wagonjwa 132 waligawanywa, wengine wakapewa chai ya pakanga kwa siku saba na wengine kwinini. Siku ya saba, katika kila 100 waliokunywa chai, 74 walikuwa wamepona, na katika waliopewa kwinini ni 91. Nusu ya kwanza ya habari hii ndiyo inayosimuliwa na wenye kuuza majani. Nusu ya pili ni kwamba wengi wa wale wa chai homa iliwarudia katika majuma yaliyofuata.

JE, JANI ZIMA SI BORA KULIKO KIDONGE?

Swali hili huulizwa na watu wenye akili, nami sitalidharau. Husema: ndani ya jani kuna vitu vingi vinavyosaidiana, na mkemia akitoa kimoja anavunja ushirikiano. Jambo hilo limeonekana kweli katika mimea fulani. Kuna kichaka cha milimani kiitwacho Berberis, ambacho aina yake moja huota hata katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Mizizi yake ya manjano ina berberini, iuayo bakteria. Lakini bakteria mmoja wa majipu na vidonda ana kitu mfano wa pampu mwilini, ambayo huitupa berberini nje kabla haijamdhuru. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba aina nyingine za kichaka hicho, za huko kwao, hutengeneza kitu cha pili ambacho peke yake hakiui chochote, kazi yake ni kuiziba ile pampu. Mmea ulikuwa na dawa yake ya mseto zamani sana kabla ya viwanda.

Kwa hiyo siwezi kumwambia mtu kwamba majani hayana siri zaidi. Ninachomwambia ni kwamba siri hiyo ipimwe kwanza kwa wagonjwa, si katika sahani ya maabara peke yake. Mwarobaini ni mfano mzuri. Majani yake yana vitu ambavyo huua vimelea vya malaria vikiwekwa pamoja ndani ya kichupa. Lakini katika kichupa hakuna tumbo, hakuna ini, wala mtoto wa kilo kumi. Mafuta ya mbegu zake yamewahi kuwaletea watoto wachanga sumu na hata kifo walipopewa kwa mdomo, ingawa mti wenyewe sote tunao uani na tunauheshimu.

USUGU

Kuna hasara nyingine ya kipimo pungufu, ambayo haimpati aliyekunywa peke yake. Vimelea wakiguswa na dawa kidogo, wale dhaifu hufa, na wale wenye uwezo wa kuivumilia hubaki na kuzaana. Mbu akimwuma mgonjwa huyo anawabeba hao waliobaki na kuwapeleka kwa jirani.

Tumeliona jambo hili kwa macho yetu. Klorokwini, iliyotuwasha mwili mzima mpaka tukajikuna kwa magunzi, ilishindwa, na mwaka 2001 Tanzania ikaiacha ikashika SP. Hiyo nayo ilichoka upesi, na wilaya yetu ya Muheza ilikuwa mojawapo ya mahali palipoonekana mapema kwamba imechoka. Mwaka 2006 ikaamuliwa kutumia mseto. Sasa vimelea wanaoivumilia kwa sehemu ile jamii ya artemisinini wametangazwa Rwanda mwaka 2020, wameonekana Uganda, na uchunguzi uliofanywa mwaka 2022 huko Karagwe, mkoani Kagera, umewakuta ndani ya nchi yetu. Mseto bado unaponya, kwa sababu ile dawa ya pili ingali inafanya kazi yake. Lakini chai inayonywewa kidogo kidogo kila siku "ili kujikinga" ni darasa la kuwafundisha vimelea hao. Hiyo ni sababu mojawapo iliyolifanya Shirika la Afya Duniani kutamka mwaka 2019 kwamba haliungi mkono matumizi ya majani ya artemisia kwa kutibu au kuzuia malaria.

Isieleweke kwamba pakanga imeshindwa. Katika miaka ya 2005 hadi 2010 watoto 5,425 wenye malaria kali walitibiwa katika hospitali 11 za nchi 9 za Afrika, nusu kwa sindano ya kwinini, nusu kwa sindano ya artesunati, ambayo ni mtoto wa artemisinini. Muheza na Korogwe zilikuwa miongoni mwa hospitali hizo. Waliopewa kwinini walikuwa 2,713, wakafa 297. Waliopewa artesunati walikuwa 2,712, wakafa 230. Tofauti yake ni watoto 67, na baadhi ya wenzao waliookoka huenda mnakaa nao benchi moja kanisani. Ni jani lile lile la Ge Hong, lakini sasa linapimwa kwa kilo za mtoto.

JIBU KWA AKINA MAMA

Pandeni, kama mwapenda. Mmea wenyewe hauna kosa, na watoto wa shule ya Jumapili watafaidika kuujua. Ila chai yake msimpe mtoto mwenye homa, wala msinywe ya kujikinga.

Homa ikimshika mtoto, apimwe damu kabla ya siku moja kupita. Akionekana ana malaria, mseto ni dozi sita kwa siku tatu: ya pili saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni, pamoja na chakula chenye mafuta, mpaka kidonge cha mwisho hata kama anacheza. Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akilegea au akipata degedege, msingoje asubuhi. Na kama zahanati haina dawa, hilo ni jambo la kamati yetu kulipeleka kwa mganga mfawidhi na kwa diwani, na mimi nitakwenda pamoja nanyi. Fedha mlizokusudia kununulia mbolea ya bustani zingefaa zaidi ziwekwe kando kwa nauli ya pikipiki ya usiku. Nauli hiyo mimi niliwahi kuitafuta mlango kwa mlango.

Ninalo ombi moja. Tangu nilipostaafu nimeanza daftari la miti ya dawa ya wazee wetu: jina la mti kwa Kibondei na kwa Kisambaa, sehemu inayotumika, mwezi wa kuchuma, na kama huchemshwa au hulowekwa katika maji baridi. Siyaandiki ili tuyanywe. Nayaandika ili mwenye maabara, akija, akute mahali pa kuanzia, kama Mama Tu alivyokuta. Nina miti saba tu. Mwenye bibi au babu anayeijua, anijulishe baada ya ibada nami nitamfuata nyumbani kwake, hata kama ni mbali, maana kwa bibi yangu nilichelewa.

Na ile miche, mpaka mtakapokubaliana, imwagilieni maji. Jumapili iliyopita niliiona pale ukutani imeanza kunyauka.